Mkanda Kabla ya Risasi: Mada kwa Wakufunzi wa Shabaha, Unguja



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia maandalizi ya mwanafunzi kabla ya somo la shabaha, nami katika maandalizi hayo nimechagua jambo moja tu: mkanda anaoufunga kiunoni. Wapo watakaoona ni jambo dogo. Muda wa kozi zetu hupewa bunduki yenyewe, sheria ya matumizi ya nguvu, kwata na usafi wa silaha. Mkanda hutolewa stoo siku ya kwanza pamoja na buti na kofia, na aliyepata mkubwa huutoboa tundu jengine kwa msumari. Kisha tunamshangaa mwanafunzi yule yule anapopapasa kiuno chake mbele ya shabaha, ilhali jirani yake wa kulia ameshika bastola yenye risasi.

Hoja yangu ni kwamba mkanda ni sehemu ya somo. Unafundishwa, unapimwa kwa silaha tupu, na mwanafunzi asiyeweza kukifikia kila kifaa chake macho yakiwa yamefumbwa hajawa tayari kupewa risasi hata moja.

Nazungumza na watu wa kazi mbalimbali. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inazitaja JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo kuwa idara maalum. Tunao KVZ na Zimamoto. Polisi ni jambo la Muungano. Na zipo kampuni binafsi za ulinzi zinazolinda mabenki na mahoteli. Askari wa boti hafungi mkanda kama wa askari wa lango la benki. Kwa hiyo sitoi mpango mmoja wa kuwafaa wote, na maneno yangu hayachukui nafasi ya amri ya kikosi chochote. Natoa misingi tu, na kila mkufunzi ataipima kwa lindo lake.

Kwetu si jambo geni

Mtu akitazama picha ya Sayyid Barghash, au akienda harusini akamwona bwana harusi aliyevaa joho, ataona jambia limekaa katikati, mbele, juu ya hizamu pana iliyobana. Oman imeliweka jambia hilo katika nembo ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliutia ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Leo ni pambo, lakini mahali pake palichaguliwa na watu waliolitegemea kwa uhai wao. Mpini umeelekezwa mkono wa kulia. Ukikaa, ukipanda punda, ukiinama kuingia mlango mfupi, upo pale pale. Baba na mtoto wanalifunga mahali pamoja, hivyo mkono wa mtoto unajifunza tangu mapema. Hizamu ikilegea, jambia linainama na mpini unahama. Kwa hiyo wazee walianza na ukanda wenyewe, silaha ikafuata.

Silaha za baruti zilipokuja, kazi ya mkanda iliongezeka. Mabulushi waliowasindikiza Burton na Speke kwenda bara mwaka 1857 walibeba bunduki za mrao, na mtu wa bunduki ya mrao alihitaji baruti, risasi, utambi na kitu cha kuwashia, vyote mwilini, vyote vikavu. Mwaka 1877 Luteni Lloyd Mathews alianza kumfundishia Sayyid Barghash jeshi la namna mpya hapa Unguja, na serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider. Snider ilitiwa risasi moja moja kwa nyuma. Maana yake ni kwamba baada ya kila mlio mkono wa askari ulirudi kiunoni kwenye beti, ukachukua risasi nyengine, ukapanda tena. Askari aliyefyatua mara kumi alikwenda kwenye beti mara kumi. Beti iliyosogea vidole vinne kuelekea mgongoni ilimchelewesha mara kumi. Silaha zimebadilika, lakini mkono bado unarudi kiunoni, na bado unataka ukikute kitu pale ulipokiacha.

Ugenini nako wamelipa gharama ya kujifunza haya. Ule mkanda wa ngozi wenye ukanda mwembamba unaopita begani, ambao maofisa wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza bado wanauvaa kwenye sherehe, unaitwa kwa jina la Sam Browne, ofisa aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Mtu mwenye mikono miwili huushika upanga kwa mkono mmoja na ala kwa mkono wa pili. Yeye hakuwa na wa pili, akabuni mkanda wa kuituliza ala. Huko Newhall, California, usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, askari wanne wa barabarani waliuawa katika tukio moja. Mmoja wao aliuawa alipokuwa akijaza bastola yake upya kwa risasi mojamoja kutoka kwenye mfuko wa mkanda. Baada ya hapo kikosi chake kiliwapa askari vijazio vinavyoingiza risasi zote sita kwa mara moja, na mazoezi ya kujaza yakabadilika. Naomba kila mkufunzi aliyeko hapa alijue tukio hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba namna vitu vilivyopangwa kiunoni ni suala la uhai.

Ukanda wenyewe

Mkanda wa suruali unaonunuliwa dukani hauwezi kazi hii. Bastola ya milimita 9 iliyojaa, kama Glock 17, ina uzito wa karibu gramu 900. Ongeza magazini mbili za akiba, pingu, tochi na redio, utapita kilo 2 bila shida. Ukanda laini ukibebeshwa uzito huo unajipinda, ala inalala nje, na mwanafunzi anapochomoa bastola mkanda wote unapanda nayo. Ukanda wa kazi huwa na upana wa milimita 38 hadi 57, na ukiushika bapa kwa ncha moja haupaswi kuning'inia kama kitambaa. Njia nzuri ni mikanda miwili: wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje unabeba vifaa na kugandana na wa ndani kwa Velcro. Usipokuwepo wa namna hiyo, vitanzi vinne vya kuifunga mikanda miwili pamoja vinatosha, na fundi viatu yeyote wa mjini anaweza kuvishona.

Hapa niseme wazi kuhusu ngozi. Ngozi inapendeza, na kwenye gwaride la Mapinduzi hakuna kinachoishinda. Lakini hewa yetu ina chumvi na unyevu, na masika ya Machi hadi Mei yakiingia, mkanda wa ngozi uliotundikwa stoo unaota ukungu. Kubwa zaidi, risasi za shaba nyeupe zikiachwa muda mrefu katika vitanzi vya ngozi huota kutu ya kijani, kwa sababu ya dawa zilizolainishia ngozi hiyo, na risasi yenye kutu inaweza kukwama ndani ya chemba. Nailoni nzito inahimili zaidi. Velcro nayo ina adui wake, mchanga laini wa pwani ya mashariki, Paje mpaka Jambiani, unaojaza vinyweleo mpaka visishike. Isuguliwe kwa mswaki mkavu baada ya kila somo. Bizimu za chuma zipanguswe kwa maji baridi kisha zikaushwe. Ala ya plastiki ngumu isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, maana ikipinda kidogo tu bastola haitakaa sawa tena.

Kila kitu na mahali pake

Ala hukaa kwenye nyonga ya mkono wenye nguvu, chini kidogo ya mbavu, mahali ambapo mkono ukishuka wenyewe unakutana na mpini. Iwe ya kitu kigumu kisichobonyea, iufunike mlango wa kifyatulio wote, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa imetolewa. Ala laini inayojifunga yenyewe inamlazimisha mwanafunzi aifungue kwa mkono wa pili, na hapo mtutu unaelekea kwenye kiganja chake mwenyewe. Ala za namna hiyo zisiruhusiwe uwanjani kabisa. Sioni sababu ya kulijadili hilo.

Magazini za akiba hukaa upande wa pili, mbele ya nyonga, ncha za risasi zikielekea mbele ili kidole cha shahada kiziguse kabla magazini haijatoka. Zikiwekwa nyuma ya nyonga, mwanafunzi atageuza bega kuzitafuta, na bega likigeuka mtutu nao unageuka. Makosa mengi ya mtutu uliopotea njia ambayo tunayaita uzembe wa mwanafunzi yanaanzia kwenye beti iliyowekwa mahali pabaya.

Mkanda wa kubana damu uwe mbele, karibu na kitovu, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote miwili inafika. Hapa ndipo namkumbuka Sam Browne. Mtu aliyejeruhiwa mkono mmoja ana mmoja tu wa kujiokoa, na hajui mapema utakuwa upi. Kutoka viwanja vyetu vya mashamba hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari ya gari, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kwisha katika dakika chache. Kifaa hicho kisifungiwe ndani ya begi la huduma ya kwanza lililoachwa kwenye gari.

Katikati ya mgongo pasiwekwe kitu kigumu. Pingu na redio vina mazoea ya kurudi pale, kwa kuwa vinasumbua mbele mtu akikaa. Lakini askari akianguka chali juu ya pingu, uti wa mgongo ndio unaopokea. Vikae pembeni. Vyengine vyote, simu, funguo, chupa ya maji, visionekane kwenye mkanda siku ya shabaha.

Mwanafunzi wa mkono wa kushoto tumemdhulumu sana. Amelelewa akiambiwa ale kwa kulia na asalimie kwa kulia, jambo ambalo ni adabu yetu na sina neno nalo. Lakini tunapompa ala ya kulia kwa sababu stoo haina nyengine, tunamwekea silaha katika mkono ambao hauwezi. Ama ipatikane ala ya kushoto, ama asubiri zamu mpaka ipatikane. Wanawake nao wengi wana kiwiliwili kifupi na nyonga pana, hivyo ala iliyokatwa kwa mwili wa mwanamume inasukuma mpini mpaka mbavuni. Kibao kinachoishusha ala kidogo na kuitenga na mwili kinamaliza tatizo hilo. Anayevaa ushungi achomeke ncha zake ndani ya shati, na anayevaa koti lenye kamba za kukazia azikate au azifiche, kwa sababu kitambaa kikiingia katika ala pamoja na bastola kinaweza kuvuta kifyatulio. Ndiyo maana nasema kurudisha bastola katika ala kufanywe polepole, kwa kutazama, kila mara. Hakuna mashindano ya kurudisha.

Wakati wa swala na mwezi wa Ramadhani

Jambo hili sijaliona likiandikwa katika miongozo ya wageni, na kwetu linatokea kila siku ya mafunzo. Adhana ya adhuhuri inaingia somo likiwa katikati. Wanafunzi wanafungua mikanda, wanakwenda kutawadha, mikanda inabaki imelala chini ya mwembe, mingine na bastola ndani. Wakirudi wana haraka, mmoja anafunga wa mwenzake kwa kuwa inafanana, na mkufunzi anaendelea pale alipoishia.

Ratiba ya siku ipangwe kufuata swala. Kabla ya kuvunja safu, kila silaha itolewe risasi, ikaguliwe na watu wawili, kisha ikabidhiwe kwa mtunza silaha mmoja ambaye atasali katika kundi la pili. Mikanda itundikwe, kila mmoja na jina au nambari iliyoandikwa kwa ndani. Baada ya swala somo lianze upya kana kwamba ni asubuhi: mkanda, ukaguzi, silaha tupu, ndipo risasi. Ni kazi ya muda mfupi, na hakuna muda tunaoutumia vizuri zaidi ya huo.

Ramadhani ina mambo yake. Kiuno kinapungua, mkanda uliokuwa sawa Shaaban unalegea, ala inashuka na kuyumba. Mwanafunzi aliyefunga ana kiu, na saa za mchana mikono yake haina utulivu ule ule. Kozi ikilazimika kufanyika mwezi huo, mazoezi ya risasi yawe asubuhi mapema, na mkanda upimwe upya kila wiki.

Baharini na katika umati

Kwa askari wa boti mambo mawili hubadilika. Jaketi la kuokolea hufunika nusu ya mkanda, kwa hiyo mkanda upangwe na upimwe jaketi likiwa limevaliwa, na pengine ala itahitaji kushushwa. La pili, aliyeanguka majini na kilo 2 au 3 kiunoni lazima aweze kuufungua mkanda kwa mkono mmoja, gizani, akiwa amemeza maji. Bizimu isiyofunguka hivyo haifai kupanda boti. Na mkanda uliolowa maji ya chumvi huoshwa siku hiyo hiyo, pamoja na silaha.

Nchi kavu shida yetu ni watu. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimebana kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kugusana mabega. Wakati wa Sauti za Busara umati unajaa Ngome Kongwe, na wakati wa Mwaka Kogwa, Makunduchi hakuna pa kusimama. Askari katika hali hiyo anaguswa kiuno na asiowajua. Ala yake lazima iwe na kufuli inayofunguliwa kwa kidole gumba cha mwenye silaha na ambayo haitoki kwa kuvutwa kutoka nyuma. Historia yetu yenyewe ni mwalimu katika hili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ghala la silaha la polisi la Ziwani lilitekwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na bunduki. Kwa jicho la mkufunzi wa silaha, somo ni kwamba bunduki ni ya yule anayeweza kuishika, na mlinzi asiyejua kuilinda yake amembebea mwengine. Mwanafunzi ajifunze kusimama nyonga yenye ala ikiwa nyuma, kiwiko kikiifunika, kabla hajajifunza kupiga kitovu cha shabaha.

Kufuli hiyo inachelewesha kuchomoa. Wapo wanaoichukia kwa sababu hiyo na wanataka ala wazi kama za mashindano. Kwa uwanja wa mashindano sawa. Kwa askari anayerudi kwenye umati jioni ile ile si sawa, na afunzwe kwa ala atakayoivaa kazini.

Kipimo

Nashauri kikao cha kwanza cha kila kozi kifanyike bila risasi hata moja uwanjani, wala mfukoni, wala kwenye gari. Mwanafunzi afunge mkanda wake wote na silaha iliyokaguliwa kuwa tupu. Apige magoti, alale kifudifudi, ainuke, akimbie hadi mwisho wa uwanja na kurudi, akae kwenye kiti cha gari na kushuka. Kilichoanguka kifungwe upya, kilichomchoma kihamishwe. Kisha afumbe macho, na mkufunzi ataje kifaa kimoja kimoja bila mpangilio: magazini, mkanda wa kubana damu kwa kulia, mkanda wa kubana damu kwa kushoto, tochi, redio. Mkono ufike mara moja. Ukipapasa, kifaa hakiko mahali pake au mwanafunzi bado hajakizoea, na vyote viwili vina dawa. Akishapata mpango unaomfaa, asiubadilishe katikati ya kozi kwa sababu ameona wa mwenzake unapendeza.

Katika zoezi hilo mkufunzi atagundua pia vitu visivyohitajika. Vijana hupenda kujaza mkanda. Kila kifaa cha ziada kinakula nafasi ya chenye kazi na kinaongeza kitu cha kunasa kwenye mlango wa gari.

Ombi langu kwa semina hii ni azimio la mambo matatu. Watunza stoo washirikishwe katika kozi za wakufunzi, kwa kuwa wao ndio wanaoamua ukubwa na aina ya mkanda kabla yetu. Kila kituo kiwe na ala za kushoto na mikanda ya vipimo vitatu angalau. Na mkufunzi apewe mamlaka ya kumzuia mwanafunzi asipige risasi siku hiyo kwa sababu ya mkanda peke yake, bila kulazimika kueleza kwa nini nafasi ya risasi haikutumika. Bila mamlaka hayo, yote niliyoyasema hapa yatabaki kwenye karatasi.